Nguvu za Kijana Hazijengwi kwa Adhabu

Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, John Akii-Bua, askari wa Polisi ya Uganda, alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Alikimbia katika njia ya ndani kabisa, yenye kona kali kuliko zote, akaweka rekodi ya dunia na kuiletea nchi yake medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki. Katika matayarisho chini ya kocha wake, Malcolm Arnold, alikuwa akikimbia amevaa koti zito la kilo 11 hivi.

Asikiaye habari za koti hilo aweza kudhani kwamba siri ya ushindi ni mzigo. La hasha! Akii-Bua alikuwa na umri wa miaka 22, mtu mzima aliyekwisha kukomaa, tena chini ya macho ya mwalimu. Kijana wa miaka 14 anayekimbia jioni katika uwanja wa kambi hawezi kubebeshwa mzigo huo.

Onyo hili latuhusu sisi askari, maana mara nyingi ndio walimu wa watoto wa kambini. Tumezoea kufundisha kuruta, na kwetu pushapu ni adhabu ya mchelewaji. Mazoezi yaliyogeuzwa adhabu humfundisha mtoto kuyachukia. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini akikunjwa kwa pupa huvunjika.

MAZOEZI YA KIASI

Si kweli kwamba mazoezi ya nguvu humdumaza mtoto. Kinachodhuru ni uzito uliopita kiasi na mwendo usio sahihi, kwa kuwa miisho ya mifupa ya kijana, ambako urefu huongezeka, bado ni laini. Aanze kwa uzito wa mwili wake mwenyewe: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, kupanda ngazi. Arudie kila zoezi mara 8 hadi 15, apumzike, kisha arudie tena. Siku 2 au 3 kwa juma zatosha, zisifuatane, na siku moja iwe ya mapumziko kamili. Vyuma viongezwe polepole, baada ya mwendo kunyooka. Kushindana nani anyanyuaye kizito zaidi kupigwe marufuku. Maumivu ya kiungo yasiyokwisha yapelekwe kwa mganga, yasifichwe kwa jina la ushujaa.

CHAKULA NDICHO BARUTI

Bunduki isiyo na risasi haifai vitani. Kijana mwenye njaa hafai uwanjani. Mwanamichezo huhitaji takriban gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Hivyo kijana wa kilo 50 ahitaji gramu 60 hadi 80. Kikombe cha maharage yaliyopikwa hutoa 15 hivi, nusu lita ya maziwa 16, mayai mawili 12. Zilizosalia zitatoka katika karanga, dagaa na ugali wenyewe. Matoke, viazi na ugali visipunguzwe, maana ndivyo viletavyo nguvu za kukimbia. Ale saa 2 au 3 kabla ya mazoezi, na ale tena mapema baada yake.

Chai isinywewe pamoja na chakula, kwani huzuia madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga, chungwa huyasaidia. Wasichana waliovunja ungo wazingatie jambo hili zaidi, kwa sababu ya damu ya kila mwezi.

Usingizi wa saa 8 hadi 10 ni sehemu ya mazoezi. Vidonge na unga wa kuongeza misuli viepukwe: baadhi huwa na dawa zilizokatazwa, na mwanamichezo ndiye ahukumiwaye, hata kama hakujua.

Joshua Cheptegei, ambaye naye ni wa Polisi ya Uganda, alishinda mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024. Atakayemfuata huenda yumo kambini mwetu leo. Basi kabla ya kumwamuru akimbie, ndugu askari, tumwulize kwanza: leo umekula nini?