Mpango Mkakati wa Idara Uanze na Swali

Kila baada ya miaka kadhaa, idara za sayansi za jamii katika vyuo vikuu vyetu huketi kuandika mpango mkakati. Kamati huundwa, dira na dhima hubadilishwa maneno mawili matatu, kisha hufuata malengo: kuongeza udahili, kuinua ubora wa ufundishaji, kuongeza machapisho, kuimarisha ushirikiano na wadau. Futa jina la idara kwenye jalada, na waraka huo utaifaa idara ya uchumi sawasawa na ya sosholojia au ya sayansi ya siasa. Lengo linaloifaa idara yoyote halimsaidii mkuu wa idara kujua amwajiri nani, wala fedha zipi azikatae zinapokuja na masharti yake.

Kwa maoni yangu, lengo la kwanza la idara ya sayansi za jamii liwe swali: jambo moja kuhusu jamii yetu ambalo halijapata jibu, na ambalo walimu na wanafunzi wa idara hiyo watalishughulikia pamoja kwa miaka. Malengo mengine yapimwe kwa namna yanavyolitumikia.

Jambo hili lilikwisha kufanyika Dar es Salaam. Chuo Kikuu kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani. Mwaka 1963 Terence Ranger alifika kuongoza Idara ya Historia. Vitabu vingi vya wakati ule vilisimulia Afrika kwa kuwafuata wavumbuzi, wamisionari na magavana. Idara ikauliza: Waafrika wenyewe walitenda nini katika historia yao? Swali hilo fupi liliamua mengi. Liliamua mwanafunzi asome nini, ushahidi upi uaminiwe, na utafiti ufanyike wapi. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia walikwenda katika maeneo yaliyopigana Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, wakawahoji wazee waliokuwa bado na kumbukumbu zake. Gilbert Gwassa na John Iliffe walihariri kitabu cha kumbukumbu za vita hivyo, na mwaka 1969 Isaria Kimambo na Arnold Temu wakatoa historia ya Tanzania iliyoandikwa kwa mtazamo huo mpya. Wazee wale wasingesubiri mpango wa miaka mitano unaofuata. Waliwahiwa kwa sababu idara ilijua inatafuta nini.

Yaliyonivutia zaidi ni yaliyofuata. Swali lile lilipata wapinzani humo humo nyumbani. Walter Rodney, aliyefundisha katika idara hiyo na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kikatoka mwaka 1972, aliisukuma mijadala kuelekea uchumi wa dunia na unyonyaji. Mwaka 1981 Temu yuleyule, akiwa na Bonaventure Swai, alichapisha kitabu kizima cha kuikosoa historia ya kizalendo ambayo yeye mwenyewe alishiriki kuijenga. Historia hiyo, walisema, iliwapa viongozi na taifa nafasi kubwa mno, ikawasahau wakulima na wafanyakazi. Mabishano hayo yaliwezekana kwa sababu kulikuwa na msimamo wa kubishana nao. Nani atasimama kulipinga lengo la “kuinua ubora”? Hakuna, na kwa hiyo hakuna atakayelirekebisha.

Kampala ina funzo la aina nyingine. Katika kitabu chake cha mwaka 2007, Mahmood Mamdani alieleza jinsi Makerere ilivyobadilika tangu mwisho wa miaka ya 1980, ilipoanza kutegemea karo za wanafunzi wanaojilipia. Idara zikagombania wanafunzi, zikabuni kozi kwa kutazama soko. Alipokabidhiwa uongozi wa Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere mwaka 2010, chombo kilichoanza mwaka 1948, alikuta kazi za ushauri elekezi zimeshika nafasi ya utafiti. Jibu lake lilikuwa kuanzisha programu ya uzamivu ya miaka mitano, inayoanza na masomo ya darasani badala ya kumwachia mwanafunzi ahangaike peke yake na tasnifu.

Simlaumu mhadhiri anayekubali kazi ya ushauri elekezi. Ada za shule za watoto hazingoji. Lakini lazima tuone ushauri elekezi unavyofanya kazi. Mteja huja na swali lake, bajeti yake na tarehe yake ya kukabidhi ripoti. Mtafiti huleta majibu tu. Akifanya hivyo kwa miaka kumi, hupoteza mazoea ya kuuliza, na wanafunzi wake hujifunza kwamba utafiti ni kujaza dodoso la mtu mwingine.

Lengo la pili, basi, ni muda wa mwalimu, nalo linahesabika. Chukua darasa la wanafunzi 400. Ukisahihisha insha moja ya kila mmoja kwa dakika 20, unahitaji saa 133, yaani zaidi ya wiki tatu za kazi, kwa somo moja tu. Matokeo yake yanajulikana: insha inaondolewa, mtihani wa kuchagua jibu unaingia, na mwanafunzi wa sosholojia anahitimu bila kuandika hoja ndefu iliyosomwa na mwalimu. Mpango mkakati usiotaja idadi ya wanafunzi kwa mwalimu, wasaidizi wa mafunzo na semina ndogo unaahidi ubora usio na mtu wa kuutekeleza.

Kuhusu viashiria nitasema machache. Uingereza ilianza kupima utafiti wa vyuo vyake kitaifa mwaka 1986, na Marilyn Strathern, mwanaanthropolojia, akaandika mwaka 1997 kwamba kipimo kikigeuzwa kuwa shabaha, huacha kuwa kipimo kizuri. Ukihesabu makala peke yake utaletewa makala, nyingi na fupi. Kwa idara, ningeongeza viashiria vigumu kughushi: mahojiano mangapi yamehifadhiwa mahali ambapo mtafiti wa mwaka 2050 atayakuta, na tasnifu ngapi zimejengwa juu ya zilizotangulia.

Lengo ambalo nisingekubali liachwe ni la lugha. Mtafiti huchukua kibali cha utafiti, hupita kwa mkuu wa wilaya, hufika kwa mtendaji wa kijiji, huketi na kina mama wa vikoba na kuwahoji kwa Kiswahili. Kisha huandika kila kitu kwa Kiingereza, na waliohojiwa hawaoni ukurasa hata mmoja. Idara iandike katika mpango wake kwamba hakuna tasnifu itakayopokelewa bila muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili, na kwamba muhtasari huo urudishwe kijijini na usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Nauli ya safari hiyo ya pili iwekwe kwenye bajeti ya utafiti tangu mwanzo, kando ya nauli ya safari ya kwanza. Watakayoyasema wanakijiji baada ya kusikiliza, hasa pale watakapokataa, yaingizwe kwenye nakala ya mwisho kabla haijafungwa jalada.