Birika la Voi, birika la Wundanyi

Kahawa ileile, chujio lilelile, mkono uleule; lakini ukiichuja Voi huzidi uchungu kidogo kuliko ukiichuja Wundanyi. Sababu ni maji. Voi iko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka yakifika nyuzi 98 hivi. Wundanyi, kwenye takriban mita 1,400, huchemka kwenye nyuzi 95. Kahawa ya kuchuja hupenda nyuzi 92 hadi 96. Basi wa mlimani amimine birika likiwa bado linatokota. Wa Voi aepue, afunue kifuniko, asubiri dakika moja. Na asitumie maji ya kisima yenye chumvichumvi, maana kikombe kizima ni maji, kahawa ni kionjo tu.

Pima gramu 15 kwa mililita 250 za maji. Huna mizani? Vijiko vitatu vya mezani vilivyosawazishwa vinatosha. Unga uwe na chenga kama mchanga wa mtoni. Ule laini wa kahawa chungu ya Mombasa ni wa kuchemshiwa kwenye dele. Ukiutia kwenye karatasi ya chujio, utaiziba.

Suuza kwanza karatasi kwa maji ya moto, iache harufu yake. Tia kahawa, kisha mwagia maji kidogo tu, ya kuilowesha, na utulie nusu dakika. Hapo ndipo napenda kuinama kutazama: kahawa iliyokaangwa juzi huumuka katikati kama donge la mandazi, mapovu yakipasuka, hewa iliyobaki tangu ikaangwe ikitoka. Isipoumuka, imechakaa. Joto la Voi huichakaza upesi, kwa hiyo nunua kidogo kidogo na ufunge vizuri. Kisha mimina taratibu, kwa kuzungusha, yote yaishe kuchuja kwa dakika tatu hivi. Yakikawia, saga chenga kubwa zaidi, yakikimbia, punguza.

Inaniuma kuona nyumba zetu zikitegemea kahawa ya kukoroga, ilhali mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda mibuni hapa Bura, Taita, mwaka 1893, miongoni mwa ya kwanza kabisa nchini.

Ionje kabla ya sukari. Kahawa nzuri ya Kenya ina uchachu pembeni mwa ulimi, mfano wa zambarau iliyoiva, na sukari huufunika.