Miamba Yetu (5): Jiwe Lililoyeyuka na Jiwe Lililookwa

Tangu kampuni ya BHP ijitoe katika mradi wa nikeli wa Kabanga, wilayani Ngara, Julai 2025, na kuiuzia Lifezone Metals hisa zake, habari za Ngara zimekuwa ni hisa, fidia na ajira. Jiwe lenyewe halitajwi. Nami nasema, asiyelijua jiwe hata ile asilimia 16 ya Serikali katika mradi huo ataihesabu kwa kubahatisha.

Mwamba tabaka tulikwisha kuumaliza. Leo tulinganishe mwamba moto na mwamba geu.

Mwamba moto uliyeyuka, kisha ukapoa. Mwamba geu haukuyeyuka: ulikuwa jiwe tayari, ukaokwa na kukandamizwa ukiwa mgumu vilevile, kama tofali tanurini. Vunja jiwe la itale, ambalo ni mwamba moto, kama yale ya Biharamulo upande wa kuelekea Ziwa Victoria, utaona chembe zimeshikana kila moja imeelekea kwake. Vunja shisti ya vilima vya Ngara, ambayo ni mwamba geu: ulanga wote umelalia upande mmoja, na jiwe hupasuka kwa kuufuata ulalo huo.

Wazungu walibishana sana juu ya asili ya mawe haya. Abraham Werner wa Freiberg alifundisha kwamba mawe ya itale yalitokana na maji ya bahari ya kale. Mwaka 1785 Mskoti James Hutton akaenda bonde la Glen Tilt, akakuta mishipa ya itale jekundu imepenya ndani ya shisti. Kilichopenya lazima kilikuwa kimiminika, tena kilikuja baadaye! Rafiki yake, Sir James Hall, alitamani kulithibitisha hilo kwa tanuri, lakini Hutton hakuyaamini majaribio ya namna hiyo. Basi Hall, kwa adabu ambayo vijana wa leo wangeicheka, akangoja hadi mzee alipofariki mwaka 1797. Ndipo akayeyusha mawe ya volkano: yaliyopozwa haraka yakawa kioo, yaliyopozwa polepole yakarudi kuwa jiwe. Kisha akashindilia unga wa chaki katika mtutu wa bunduki, akauziba, akauchoma, akapata kitu mfano wa marumaru. Miamba yote miwili, mikononi mwa mtu mmoja.

Kabanga yalitokea hayohayo, miaka ipatayo milioni 1,375 iliyopita. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilipenya katika matabaka ya matope ya kale yenye salfa, ikayaoka yaliyo kando na kuichukua salfa yake. Nikeli ikaambatana na salfa hiyo, ikazama kwa uzito wake, ikajikusanya hadi kukaribia asilimia 2. Mkondo wa miamba hiyo ya nikeli unafika Musongati, Burundi. Salfa hiyohiyo, mabaki ya mgodi yakiachwa wazi kwa hewa na mvua, huzaa asidi inayoharibu maji. Hilo lifuatiliwe.

Walimu wa Biharamulo na Ngara, wekeni itale na shisti dirishani mwa darasa. Nanyi wenye mgodi, pelekeni shuleni vipande vya sampuli za uchorongaji; hamtapungukiwa kitu.