Ini Lako na Dawa ya TB

MTANGAZAJI: Wewe na jirani yako mnameza isoniazidi, dawa inayotibu TB tangu 1952. Mbona yeye mzima, wewe macho yamekuwa ya njano?

Kwenye ini kuna kimeng'enya kiitwacho NAT2. Huibadilisha dawa hiyo ili itoke mwilini. Kwa wengine hufanya kazi haraka, kwa wengine polepole, ndivyo tulivyozaliwa. Wa polepole ndio walio katika hatari zaidi ya kuumia ini.

Watafiti huingiza jeni ya binadamu ndani ya bakteria, nao bakteria hutengeneza NAT2 ya kupimia dawa maabara, bila kumgusa mgonjwa.

Ukiona macho ya njano au mkojo kama chai ya rangi, usingoje siku ya kliniki. Nenda leo, daktari aamue. Ukiacha dawa kimyakimya, TB hurudi.