Kwaya na Waamini: Misa Iimbwe na Wote

Hati ya Sacrosanctum Concilium, iliyotolewa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano tarehe 4 Desemba 1963, ilieleza kwamba muziki mtakatifu ni sehemu ya liturujia yenyewe, yaani ibada rasmi ya Kanisa, wala si pambo lake; ndiyo maana iliagiza kwaya ziendelezwe, na papo hapo ikawataka wachungaji wahakikishe kwamba waamini wote wanashiriki sehemu zinazowahusu. Iliagiza pia mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misioni yaheshimiwe, na kwa mlango huo ngoma na kayamba zikapata nafasi katika parokia za Tanzania na Kenya.

Ushiriki huo huonekana wazi katika wimbo wa katikati, ambapo mwimbaji mmoja huimba beti za zaburi na kusanyiko zima hupokea kiitikio kifupi, kinachoshikika hata kwa asiyesoma nota. Kwaya inayojaza Misa nyimbo mpya za sauti nne bila kuwafundisha waamini huwageuza kuwa watazamaji. Inafaa basi walimu wa kwaya wafundishe viitikio kabla ya Misa na katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, yaani vikundi vya waamini majirani, kwa kuwa anayeimba pamoja na wenzake hujiona mwenyeji wa parokia, na mwenyeji hakawii kushika kazi nyingine za Kanisa.