"Mwalimu, Huyu Mchape Tu"

Maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe, kwa kinywa changu. Ilikuwa Januari 2022, tulipokuwa tumehamia mtaa mwingine, nami nikampeleka binti yangu wa mwisho kuanza darasa la pili katika shule mpya. Nilikuwa nimevaa sare za kazi, nina haraka ya kuwahi zamu yangu zahanati. Mwalimu wa darasa alitupokea mlangoni, tukasalimiana, nikamkabidhi mtoto. Kisha, kama tufanyavyo akina mama wengi, nikacheka na kusema: "Mwalimu, huyu ni mtundu. Mchape tu, usimwonee huruma." Mwalimu naye akacheka. Mtoto hakucheka.

Mwezi wa tatu binti yangu akaanza kukojoa kitandani.

Mama mwenzangu, mtoto aliyekwisha kukaa mkavu usiku kwa zaidi ya miezi sita, kisha akarudia kukojoa, hatakiwi kugombezwa. Anatakiwa kuchunguzwa. Huenda ana maambukizo katika njia ya mkojo, au ugonjwa wa kisukari, au amefunga choo, au kuna jambo linalomsumbua moyoni. Hayo nilifundishwa chuoni na nimewaeleza wazazi wengi. Nikampima mkojo. Sukari hakuna, dalili za maambukizo hakuna. Basi nikaona kuwa ni uvivu tu wa kuamka. Nikamkataza chai ya jioni, nikamgombeza, na asubuhi moja, naandika kwa aibu, nikamwamuru abebe godoro lake mwenyewe akalianike uani mbele ya wapangaji wenzetu.

Aliyenifumbua macho ni kaka yake, aliyekuwa darasa la tano katika shule ileile. Aliniambia wakati tunachambua mchele: "Mama, darasani kwao hakuna anayetoka kwenda chooni. Ukiomba ruhusa unachapwa, kwa sababu wengine walikuwa wanaomba halafu wanakwenda kucheza. Na kelele zikizidi wanachapwa wote." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Na wewe ulimwambia mwalimu amchape."

Mtoto wa miaka minane anayebana mkojo tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, kila siku, kwa hofu, kibofu chake huharibikiwa na mazoea yake. Usiku akilala ndipo mwili unapojilegeza. Mimi muuguzi nilikuwa nimepima mkojo nikasahau kumpima mtoto.

NILICHOKIKUTA DARASANI

Nilikwenda shuleni kesho yake nikiwa na hasira. Nashukuru Mungu kwamba nilifika kabla ya mapumziko, maana nilisimama dirishani karibu nusu saa nikaona mwenyewe. Mwalimu alikuwa msichana, umri wa kutosha kuwa mdogo wangu wa mwisho. Mbele yake walikaa watoto 118. Dawati la watoto wawili lilibeba wanne, na wengine walikuwa sakafuni. Tangu serikali ilipofuta ada na michango katika shule zake mwaka 2016 watoto wengi sana walimiminika shuleni, jambo la kushangilia, lakini vyumba na walimu havikumiminika pamoja nao. Sauti ya yule binti ilikuwa imekauka kabisa. Aliponiona akatoka, na kabla sijasema lolote akaniambia, "Mama, nikiiweka fimbo chini dakika tano, sisikiki."

Hasira yangu ikapungua hapo hapo. Yeye naye alikuwa anaogopa.

Nikaona pia ile karatasi ambayo sote tuliosoma shule za msingi tunaijua: orodha ya wapiga kelele. Mwalimu akitoka, kiranja anaandika majina, na mwalimu akirudi, walioandikwa wanachapwa. Nilipomwuliza binti yangu baadaye, alinieleza kama jambo la kawaida kabisa kuwa ukimpa kiranja ubuyu hakuandiki. Wengine hutoa kashata. Tunalalamika sana juu ya rushwa katika nchi, kumbe tunaifundisha darasa la pili.

Watu wengi husema shule yenye nidhamu ni ile iliyo kimya. Mimi nimeshika mapigo ya moyo ya watoto wengi walioogopa. Moyo hukimbia, viganja hutoa jasho, mwili wote hujiandaa kutoroka. Mtoto katika hali hiyo anakaa kimya kweli, lakini kichwani hakuna nafasi ya hesabu. Anajifunza jambo moja tu, nalo ni kutokuonekana. Na mwenye fimbo akitoka, ukimya hutoka pamoja naye.

SHERIA INASEMAJE?

Wazazi wengi hatuijui sheria, na nadhani hata baadhi ya walimu. Kanuni za adhabu ya viboko za Tanzania Bara za mwaka 2002 zinasema kiboko ni kwa makosa makubwa ya nidhamu tu. Anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo shule haina mwalimu wa kike. Na kila adhabu iandikwe katika kitabu. Kwa hiyo kumchapa mtoto kwa kuomba kwenda chooni, au kulichapa darasa zima kwa kelele, hakumo. Jirani zetu wamekwenda mbali zaidi: Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Uganda ikakataza kwa sheria mwaka 2016.

Katika kikundi chetu cha akina mama kanisani, nilipolieleza jambo hili, mama mmoja alinifungulia Mithali. Nilimwambia kwamba nimekulia kwa wafugaji. Mchungaji anayo fimbo, ndiyo, lakini humwelekezea kondoo njia na kumfukuzia fisi. Anayewapiga kondoo wake kila asubuhi huwaona wakimkimbia. Na Paulo aliwaonya Waefeso wasiwachokoze watoto wao. Hatukukubaliana siku ile, na bado mama yule ni rafiki yangu.

JAMBO LILILOFANYIKA LUWERO

Watu huuliza: fimbo ikiondoka, kitawekwa nini? Swali ni la haki. Kuondoa fimbo bila kuweka kitu ni kumwacha mwalimu peke yake na watoto 118.

Katika wilaya ya Luwero, Uganda, shule za msingi 42 zilishiriki katika jaribio lililodumu mwaka mmoja na nusu. Nusu ya shule zilipewa mpango uitwao Good School Toolkit, ulioandaliwa na shirika la Raising Voices la Kampala, nyingine zikasubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Katika shule zilizosubiri, karibu watoto 49 katika kila 100 walisema wamepigwa au kuumizwa na mtu mzima wa shule katika juma lililopita. Katika shule zilizotumia mpango walikuwa 31. Thelathini na moja bado ni wengi, lakini pengo hilo ni kubwa. Kilichonivutia ni kwamba hawakumbebesha mwalimu peke yake. Mwalimu mkuu, walimu, wanafunzi na wazazi wote walihusishwa, wakakubaliana pamoja ni shule ya namna gani wanaitaka.

KWETU TULIANZAJE?

Mwalimu mkuu wetu ni mama mtu mzima, mwenye maneno machache. Nilimweleza habari ya binti yangu bila kumshitaki mtu. Akaniita kwenye kikao cha kamati ya shule niseme kama mtu wa afya. Sikuwa na hotuba. Nilisema juu ya choo, juu ya hofu, na juu ya masikio, ambayo nitayafikia.

Jambo la kwanza kubadilika lilikuwa getini. Zamani mwalimu wa zamu alisimama pale na fimbo akiwangoja wachelewaji. Sasa alisimama akisalimia. Waliochelewa wakaulizwa sababu. Ikaonekana kwamba wengi wao hutangulia kuchota maji, au huwapeleka wadogo zao chekechea. Mama, tuwe wakweli: waliokuwa wanachapwa kwa kuchelewa walichapwa kwa kazi tulizowatuma sisi.

Kisha choo. Mwalimu wa binti yangu alipaka rangi nyekundu vipande viwili vya ubao akavitundika mlangoni, kimoja cha wasichana, kimoja cha wavulana. Anayetaka kutoka anachukua kibao bila kuomba. Kibao kisipokuwepo, anangoja mwenzake arudi. Juma la kwanza walitoka kuchezea kibao. Juma la pili walikwisha kuchoka.

Ukutani palikuwa na sheria kumi na tisa, zote zikianza na "ni marufuku". Darasa la pili wakaulizwa wao wanataka nini. Wakatoa tatu: tunasikilizana, tunatunza vitu, hatuumizani. Kelele zikizidi mwalimu hupiga makofi kwa mdundo fulani, nao hujibu kwa makofi, halafu kimya. Sauti yake ikapona. Orodha ya wapiga kelele ikachanwa. Badala yake kila dawati likapewa kazi ya juma, hawa kufuta ubao, hawa kugawa madaftari, hawa ndoo ya maji ya kunawa. Aliyemwaga maji anapangusa. Aliyemchania mwenzake daftari analibandika, naye anakaa na mwalimu baada ya vipindi waongee wawili, pasipo wengine kucheka. Kusifu ndiko kulikokuwa kugumu. Mwalimu aliniambia haoni aibu kugomba ila anaona aibu kusifu, kwa sababu yeye mwenyewe tangu aanze kazi hakuna aliyemsifu.

WALIOITWA SUGU

Hapa niruhusu nikae kidogo, maana ndipo kazi yangu ilipo.

Nilimwomba mwalimu mkuu anipe majina ya watoto walioitwa sugu, wale wasiosikia hata wakichapwa. Nilipewa 23 kutoka madarasa ya chini. Nikaja Jumamosi moja na tochi. Nilisimama nyuma ya kila mtoto, nikaziba sikio lake moja, nikanong'ona neno alirudie. Sita hawakulirudia. Wanne kati yao walikuwa na usaha masikioni, na mmoja mama yake alisema unatoka tangu akiwa mtoto mchanga, akadhani ni kawaida. Yule kijana alikuwa akichapwa kwa kutokujibu swali ambalo hakulisikia. Kilicholeta machozi ni kwamba alikuwa amejifunza kusogeza mkono mbele mara mwalimu anapomtazama, bila hata kuulizwa.

Wengine watatu hawakuona ubao. Wawili walikuwa wamepauka viganja na kope, tukawapeleka kupima damu. Kadhaa walikuwa na njaa tu. Hawakuwa wamekula tangu jana jioni. Basi wazazi wakakubaliana kutoa mahindi, kila mmoja kwa uwezo wake, uji ukapikwa saa nne. Sisemi utundu wote ni ugonjwa. Wapo waliokuwa wazima kabisa na watundu kabisa, Mungu awabariki. Lakini mama, kabla mtoto wako hajaitwa mkaidi, simama nyuma yake unong'one jina lake. Sikio linalotoa usaha usilitie mafuta ya kupikia wala maziwa ya mama, mpeleke zahanati.

MAMBO YASIYOKWISHA

Fimbo haijaisha katika shule ile. Mwalimu mmoja wa madarasa ya juu alisema wazi kwamba yeye alichapwa akawa mtu, na hatabadilika. Mvulana mmoja wa darasa la sita aliendelea kuiba, vibao na uji havikumsaidia. Alikuwa analelewa na bibi asiyeona vizuri, na usiku alilala kwenye kibanda cha chipsi. Mambo kama hayo ni ya ustawi wa jamii na ya sisi majirani. Kamati ilikwenda nyumbani kwake mara tatu. Sasa analala kwa mzee mmoja wa kanisa, na mpaka leo hatuna hakika naye.

Na sisi nyumbani je? Mtoto akikataa kula tunasema, "Ngoja nitamwambia mwalimu wako." Akivunja kikombe tunasema, "Shule zikifunguliwa utanyooka." Tunamfanya mwalimu kuwa zimwi, halafu tunashangaa mtoto anaumwa tumbo kila Jumatatu. Mara ngapi tumekwenda shuleni bila kuitwa, bila lalamiko, kumwambia mwalimu tu kwamba mtoto jana alituhesabia namba hadi mia? Mimi nilikuwa sijaenda hata mara moja.

Muhula wa pili ulipofunguliwa, Julai, binti yangu alikuwa amekaa mkavu usiku kwa majuma matano. Nilimshika mkono tukaenda pamoja. Nilichelewa zamu kwa makusudi. Mwalimu alikuwa mlangoni akisalimia. Nikamwambia, mtoto akisikia: "Mwalimu, yale niliyokuambia Januari nimeyafuta. Sitaki umchape. Akinishinda au akikushinda, niite tukae wote watatu."

Mwalimu alinitazama muda kidogo. "Mama," akasema, "siku ile wazazi karibu wote waliniambia hivyo hivyo. Nilidhani ndiyo kazi mliyonipa."

Binti yangu alikwisha kuniachia mkono. Lilikuwa juma la dawati lao kujaza ndoo.