Skrini ya saiba na lugha ya mabano

Siku za mwisho za Juni hazina huruma kwa mhudumu wa saiba. Tarehe 30 ndiyo mwisho wa kuwasilisha riteni za KRA, mamlaka ya ushuru, na Wakenya tunajijua: tukipewa siku ya mwisho, hiyo ndiyo siku tunayotokea. Katika mji kama Kambu, kando ya barabara kuu ya Mombasa kati ya Kibwezi na Mtito Andei, benchi hujaa mapema. Kuna kijana asiye na mapato yoyote ila ana PIN, kwa hiyo sharti atangaze sufuri yake. Kuna dereva aliyeegesha lori nje, anataka kulipia leseni kabla utingo wake hajamaliza chai. Kuna mama aliyetoka ng'ambo ya Mto Athi, upande wa Kitui, anayeulizia cheti cha tabia njema cha mwanawe.

Mhudumu ni mmoja na kompyuta anayoitegemea ni moja. Msimamie nyuma kidogo umtazame. Muda wake hauishii kwenye kujaza fomu, maana fomu anazijua hata usingizini. Unaishia kwenye kutafuta dirisha. Picha ya kitambulisho iko chini ya tovuti ya KRA, iTax; iTax iko chini ya ile ya huduma za serikali, eCitizen; na eCitizen imefunikwa na faili la PDF la mteja aliyeondoka zamani. Anabofya, anaburuta, anapunguza, anakuza. Akishasoma tarakimu nne za kitambulisho, dirisha la fomu linazifunika zilizobaki, naye anaanza upya.

Wapo waliotafuta dawa ya shida hii muda mrefu kabla ya eCitizen kuzaliwa. Windows ya kwanza kabisa, ile ya 1985, haikuruhusu madirisha yafunikane. Kila moja lilipewa sehemu yake ya skrini. Kufunikana kulikuja na toleo la pili, 1987, na tangu hapo tumeamini kwamba kompyuta ndivyo ilivyo. Lakini katika ulimwengu wa mfumo endeshi wa Linux na ndugu zake, mpangilio wa vigae, kila dirisha ubavuni mwa jingine bila kupandana, haukufa. Huko, programu inayoamua dirisha likae wapi ni kitu kinachojitegemea, unachoweza kuking'oa na kuweka kingine, na kompyuta ikaendelea kufanya kazi.

Kwa nini jambo hili liihusu Kambu sasa? Kwa sababu ya laptopu za ex-UK. Sehemu kubwa ya mashine zinazouzwa Nairobi na kupandishwa matatu kuja huku ni ThinkPad, EliteBook na Latitude zilizokwisha kutumika ofisini Ulaya. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wake wa kawaida. Windows 11 nayo inadai kichakataji cha Intel cha kizazi cha nane au zaidi, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mashine nyingi za bei ya chini hazifiki hapo. Mwenye saiba anabaki na njia tatu: aendelee na mfumo uliozeeka, anunue mashine nyingine, au aweke Linux, ambayo hailipiwi. Anayeichukua njia ya tatu ndiye ninayezungumza naye leo, kwa sababu amepata uhuru ambao pengine hajui kama anao.

Programu za kupanga madirisha kwa vigae ni nyingi, na tofauti yao kubwa iko katika namna zinavyopokea amri. dwm, ya 2006, imeandikwa kwa lugha ya C, na watungaji wake walijiwekea sheria kwamba isizidi mistari 2,000. Ukitaka kubadilisha kitu, unabadilisha programu yenyewe, unaijenga upya, unaiwasha tena. i3, aliyoianzisha Michael Stapelberg mwaka 2009, ina faili la mipangilio lililo rahisi kusoma, lakini faili hilo si lugha kamili: linapokea maagizo liliyotayarishiwa, likafikia mwisho wake hapo. Kisha kuna StumpWM, kazi ya Shawn Betts, aliyekuwa ametangulia kuandika nyingine iitwayo ratpoison. StumpWM imeandikwa kwa Common Lisp, nawe unaiamrisha kwa Common Lisp hiyohiyo. Hakuna ukuta kati ya mwenye programu na mtumiaji.

Lisp si ngeni duniani. John McCarthy aliibuni mwaka 1958 katika chuo cha MIT, Marekani, na katika lugha za programu zinazotumika hadi leo ni chache zinazoizidi umri. Alama yake ni mabano. Kila jambo huwekwa ndani ya mabano, na neno la kwanza ndilo linalosema kifanyike nini. Ukiandika (+ 50 20 10) unapata 80. Ukiandika (+ 50 (* 4 10)) unapata 90, kwa kuwa mabano ya ndani hufanywa kwanza. Kwa kweli kanuni ya msingi ni hiyo tu. Mengine ni majina ya kazi mbalimbali na mazoezi ya kuzichanganya.

Katika StumpWM unabonyeza Control na t, kisha nukta mbili, na kisanduku kidogo kinatokea kikisubiri uandike Lisp yoyote. Mhudumu anaweza kupigia hesabu ya mteja hapo hapo: kurasa 4 kwa shilingi 10, na 50 za huduma. Hata ile hesabu ndogo ambayo iTax imezoea kumwuliza mtu kabla ya kumfungulia mlango, kujumlisha au kutoa, unaweza kuimalizia hapo. Ni mzaha, nakubali, lakini unaonyesha jambo: kisanduku kinachojumlisha ndicho hicho hicho kinachoweza kugawa skrini, kuhamisha dirisha au kutunga amri mpya.

Sasa tuje kwenye skrini yenyewe. Laptopu nyingi za aina hii zina upana wa pikseli 1366 na kimo cha 768. Ukiigawa nusu kwa nusu, kila upande unapata 683, na tovuti zilizochorwa kwa skrini pana zinabanwa hadi vitufe vinapotea pembeni. Hapa ndipo watu wengi hujaribu vigae kwa nusu saa kisha wakaviacha. Kosa ni la ile nusu kwa nusu. Ipe fomu theluthi mbili na kitambulisho theluthi moja. Lisp inaijua theluthi mbili kama theluthi mbili: ukiiambia (* 1366 2/3) haikuletei desimali ndefu isiyo na mwisho, inakujibu 2732/3, hesabu kamili kama ya daftari la darasa la sita. Ikifika kwenye skrini inakuwa takriban pikseli 911 kwa fomu na 455 kwa picha ya kitambulisho. Fomu inasomeka, tarakimu za kitambulisho zinaonekana zote, na hakuna kinachomfunika mwenzake.

Kugawa hivyo kwa mkono kila mteja anapoketi kungechosha vilevile, kwa hiyo mtu anaandika amri. Ataiita atakavyo: mteja-mpya, kwa mfano. Ndani yake anaorodhesha kazi kwa mfuatano: unda kundi jipya la madirisha, gawa skrini theluthi mbili kwa moja, fungua kivinjari kushoto kwa hali ya faragha, fungua kionyesha picha kulia. Anaipa kitufe kimoja. Tangu hapo, mteja akiketi, mhudumu anabonyeza mara moja na meza imeandaliwa.

Amri ya pili, ya mteja anapoondoka, ndiyo inayotaka akili zaidi, na ningemwomba msomaji atulie nami hapa. StumpWM ina amri ya kuua kundi. Anayeisoma kwa haraka atadhani kuua kundi ni kufunga kila kilichomo. Sivyo. Madirisha ya kundi lililouawa hayafungwi; yanahamia kundi lingine. Yaani ukiunganisha kitufe chako na amri hiyo peke yake, kitambulisho cha yule mama wa Kitui kinaweza kujitokeza mbele ya macho ya dereva wa lori. Amri iliyoandikwa vizuri inapitia madirisha ya kundi moja baada ya jingine, inaliamuru kila moja lijifunge, na ndipo inaua kundi. Mistari michache tu imeongezeka. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mhudumu wa saiba anashika kila siku namba za vitambulisho, PIN na nywila za watu ambao hata majina yao atayasahau kesho. Kuliko kumtegemea akumbuke kufunga madirisha yote akiwa na benchi limejaa, ni heri kazi hiyo iwe ya mashine.

Na ikiwa mstari mmoja una kosa? Katika dwm ungerudi kujenga programu upya. Hapa unasahihisha faili, unaiambia StumpWM ilisome tena, na madirisha yaliyofunguliwa yanabaki yalipo. Riteni ya mtu iliyojazwa nusu haipotei. Faili likiwa na kosa wakati wa kuwasha, programu hulalamika kwa ujumbe na kuendelea kuwaka. Umeme ukikatika, na hukatika, madirisha yatakufa ila amri zako zinakusubiri kwenye faili.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi nzito na ya heshima, lakini mtumiaji alipokea maneno yaliyochaguliwa na wataalamu. Katika Lisp, jina la amri unalitunga mwenyewe. Mhudumu akitaka mteja-mpya, sawa. Akitaka Kikamba chake cha Kambu, sawa pia. Kompyuta haina ubishi.

Wala msidhani lugha hii haijawahi kukanyaga nchini. AutoCAD, programu ya michoro, imebeba Lisp yake ndogo, AutoLISP, tangu 1986. Mchora ramani anayepewa na mwenzake faili la kumpunguzia kubofya kisha akaliita «lisp» tu, ameshatumia uzao wa McCarthy. Sawfish ya John Harper, iliyoanza 1999 na kwa muda ikawa ndiyo mpanga madirisha wa kawaida wa GNOME, mojawapo ya mazingira ya kazi ya Linux, iliamrishwa kwa Lisp. EXWM ya Chris Feng, ya 2015, inaufanya mhariri wa maandishi Emacs kuwa ndiye mpanga madirisha mwenyewe. Ni jambo la kustaajabisha, ila siipendekezi saibani: Emacs ikikwama kwenye kazi moja, skrini nzima inakwama nayo, na benchi halitaki kusikia habari hizo.

StumpWM nayo ina kasoro zake, na ya kwanza ni ya kibinadamu. Mwenye saiba akiajiri kijana mwingine Januari, huyo mpya atakuta mashine isiyo na kitufe cha kubofya, na anayeijua amekwenda zake Nairobi. Karatasi moja iliyobandikwa ukutani, yenye vitufe vitano na maana zake, ni ya lazima. Ya pili ni ya kiufundi. StumpWM inategemea X11, mfumo wa kuchora skrini wa mwaka 1987, ilhali Linux inazidi kuhamia Wayland. Kuna wanaojenga kwa Common Lisp mrithi wa Wayland aitwaye Mahogany, lakini kazi bado inaendelea. Kwa laptopu iliyozaliwa miaka kumi iliyopita X11 inatosha. Atakayenunua mashine mpya kabisa apime mwenyewe.

Duka lenye kompyuta nane na wahudumu wanaobadilishana zamu nisingelishauri. Kwa saiba ya mashine moja na mtu mmoja anayekaa mbele yake tangu asubuhi hadi jioni, mahesabu ni tofauti: kila sekunde anayookoa ni yake, na anapata wiki nyingi za kimya kati ya Julai na Mei za kujifunza bila presha. Katika Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, programu inapatikana kwenye hazina ya kawaida kwa jina stumpwm, na unaweza kuiweka kando ya mfumo uliouzoea, ukichagua mmoja wakati wa kuingia.

Jambo la kwanza la kubadilisha ni ile Control na t. StumpWM imeichukua kama kitufe chake kikuu, na Firefox nayo huitumia kufungua kichupo kipya. Mwachie Firefox yake, yako uihamishe kwingine kwa mstari mmoja, na ufanye hivyo siku isiyo na wateja, si tarehe 29 Juni.